Bega la Nyuma

Jiwe lilipasuka, gari likarudi nyuma, na mzee alikuwa chini yake.

Kabati hakufikiri. Alitupa spana, akajirusha nyuma ya pikapu, akabandika bega kwenye bodi na kuchimbia miguu ardhini. Gari likasimama. Lilisimama kwa sababu Kabati alikuwa na kilo mia na ishirini, na shingo nene kuliko paja la mtu wa kawaida.

"Baba! Toka!"

"Sitoki." Sauti ya mzee ilikuwa nyembamba. "Tairi la mbele limekanyaga ovaroli, hapa begani. Likisogea tena, ni shingo."

Mzee huyo alikuwa baba mkwe wake, mwenye gereji. Uwanja wa gereji uliteremka mpaka ukutani. Pikapu haikuwa na breki ya mkono. Ilishikiliwa na gia pamoja na lile jiwe. Mzee alipofungua propela shafti, chuma kinachounganisha gia na matairi ya nyuma, gia haikuwa na cha kushika tena. Likabaki jiwe. Sasa hata jiwe halipo. Yupo Kabati.

"Shemeji!" alipiga kelele. "Shemeji, njoo usukume!"

Muda mfupi kabla ya hapo, yeye na shemeji yake, kaka wa mkewe, walikuwa kwenye ubishi wao wa kila siku. Wote walicheza mbele, lakini raga mbili tofauti. Kabati alicheza ile ya watu kumi na tano, safu ya kwanza ya skramu, ambako wanane hushikana na kusukumana na wanane wenzao kama mafahali. Shemeji alicheza ile ya kumi na tatu. Huko skramu ni salamu tu, lakini mtu wa mbele anakimbia, anaangusha mtu, anainuka, anarudi nyuma, anaangusha mwingine, na hakuna wa kumwonea huruma.

"Wewe ni friji," shemeji alimwambia. "Ukishawekwa mahali umewekwa."

"Na wewe ni kuku wa mbio. Mbavu zote nje. Kwenye skramu yetu ungekunjwa kama leso."

Kabati akamwinamisha palepale, akamfundisha: wa nyuma anaweka bega chini ya kalio la wa mbele, anashika mkanda, ananyoosha mgongo. Shemeji alicheka mpaka akakaa chini. Hata mama mkwe alichungulia kwenye dirisha la stoo, alikokaa na vipuri, mbali na vumbi lililombana kifua. Kabati alipomwona alisimama wima, akashusha macho kwa aibu. Tangu aoe hajawahi kupaza sauti mbele ya mama huyo. Hata mlangoni wakikutana, yeye ndiye hurudi nyuma.

Sasa shavu lake lilibanwa kwenye bati, na shingo haikugeuka. Alichokiona ni ncha za viatu vyake mwenyewe. Viliteleza. Chini ya gari mzee alitoa sauti ambayo Kabati hakuwahi kuisikia kwa mtu mzima.

Ndipo bega likaingia chini ya kalio lake, na mkono ukashika mkanda wa suruali.

"Afadhali," Kabati alihema. "Si hapo! Chini zaidi! Shusha kiuno!"

Bega likashuka. Likasukuma. Haikuwa nguvu kubwa, lakini viatu viliacha kuteleza.

"Ndiyo hiyo tu? Unasukuma kama bibi kizee!"

Alisikia kuhema tu, kwa mluzi, kama birika linaloanza kuchemka.

"Mapafu ya kumi na tatu yako wapi? Kalio langu halina miiba, ingia! Ulinyonyeshwa maji, wewe?"

Hofu ilikuwa imemtoa adabu. Mapaja yalianza kutetemeka. Mwili wake ulizoea kusukuma kwa pumzi chache, mpira ukatoka, akainuka na kushika kiuno. Hapa hapakuwa na mpira wala refa. Jasho liliingia machoni, hakuwa na mkono wa kulifuta. Aliwaza atakavyomwambia mkewe. Angeanza na neno gani? *Nilikuwa nimemshika baba yako, kisha nikachoka?*

Goti la kulia likalegea. Gari likasogea, unene wa kidole.

"Mwanangu," mzee alisema chini, taratibu. "Mwanangu, tafadhali."

"Nimelishika, baba!" Kisha, kwa sauti ya chini, Kabati akamwambia wa nyuma yake, "Usiniache, ndugu yangu. Yote niliyosema ni maneno tu. Usiniache."

Mkono ukakaza mkanda. Bega likapanda, goti la Kabati likanyooka.

Mtu akapita mbio. Kitu kizito kikagonga nyuma ya tairi, kikagonga tena upande wa pili. Kisu kikachana kitambaa. Miguu ikaburuzwa kwenye changarawe, halafu mzee akasikika akikohoa na kumtukana aliyeuza pikapu hiyo, tusi zuri, refu, la mtu mzima kabisa.

"Achia, shemeji! Katoka!"

Ilikuwa sauti ya shemeji. Ilitoka mbele, kwenye tairi.

"Nimekimbia mpaka kwa wauza mbao," iliendelea, bila hata kuhema. "Magogo mawili, moja kila bega. Achia, bwana, gari haliendi popote!"

Kabati hakuachia. Bega lilikuwa bado chini ya kalio lake, na mkono bado kwenye mkanda.

"Mkwe," sauti yenye mluzi ikauliza nyuma yake, "na mimi niachie?"