Kengele ya Makoye

Taa ya Makoye ilikuwa imezima, na Gregory akasema hiyo ni habari njema.

"Taa ikizima, mtu yuko nje," alimwambia Melania, akigonga kidole kwenye ubao uliojaa taa ndogondogo ukutani. "Tazama mwenyewe. Zote za jengo la matangi zimezima. Humo ndani hamna mtu, Mama Lusia."

Melania alikuwa amekuja mbio kutoka Segese, kandambili moja imebaki njiani, tangu king'ora cha mgodi kilipolia saa nane mchana. Sayanaidi, ile dawa ya kukamatia dhahabu, ilikuwa imekutana na tindikali kwenye jengo la matangi, na hewa yote ya mle ikageuka sumu. Wafanyakazi walikuwa uwanjani wanakohoa na kunawa macho. Aliwakagua mmoja mmoja. Mumewe, Makoye, hakuwamo.

"Kama hayumo ndani na hayupo hapa, yuko wapi?"

Gregory, karani wa ofisi ya ulinzi, hakuwa na haraka. Alikuwa na mashine yake. Tangu Januari ya mwaka ule wa tisini na tisa kila mfanyakazi alipewa kipande cha plastiki, ukubwa wa kiberiti, chenye redio ndani. Kila mlango ukawekewa kisanduku cha kukisikia kikipita, na kila mtu akawa na taa yake ofisini.

Wanaume walikichukia kidude kile. Ng'ombe ndiye anayevishwa kengele ili ajulikane alipo, walisema, siyo mtu mzima mwenye mji wake. Wakakiita hivyo hivyo, kengele, na badala ya kukining'iniza kifuani kama walivyoamriwa, walikidumbukiza mfukoni kisionekane. Wakubwa wakanyamaza, maana hata mfukoni kilisikika vizuri tu.

"Nimemletea chakula leo leo hii!" Melania alisema kwa ukali. "Nimemwacha kwenye benchi anamalizia ugali, amevaa ovaroli safi."

Hiyo ilikuwa kazi yake ya kila Ijumaa. Analeta ovaroli safi, anarudi na chafu. Mgodi ulikuwa na dobi wake, lakini Melania hakutaka hata kumsikia. Mama yake alimfundisha kwamba nguo yenye jasho la mume haiachwi mikononi mwa watu usiowajua. Mwenye nia mbaya akiipata, mume huna.

Gregory alifunua karatasi iliyotoka kwenye mashine.

"Saa saba kasoro dakika kumi, lango kuu. Katoka. Hajarudi." Akamtazama. "Basi alikufuata nyuma, mama. Wewe umeondoka, na yeye kaondoka. Wala hakuaga."

Nyuma yao mtu mmoja alicheka kicheko kilichokatwa na kikohozi. "Kaenda kwa Scolastika huyo."

Melania alisikia uso ukiwaka. Kwa hiyo alikula ugali wake, akavaa ovaroli aliyoifua kwa mikono yake, kisha akaenda kujilaza kwa muuza pombe, huku yeye akikimbia peku kwenye mawe kwa kumhofia! Na watu wote hawa wanajua.

Nyapara Bujiku alisogea, mzee wa zamu ile, maski ya gesi mkononi. Zamani, king'ora kikilia, aliwaita watu wake majina mmoja mmoja. Sasa alikatazwa, eti kuna mashine.

"Mayu, mama yangu, mimi Makoye namjua. Haachi kazi bila kuniambia," alisema. "Mtu akiwahiwa anapona. Niingie nikaangalie?"

"Ukafe kwa ajili ya mtu ambaye hayumo?" Gregory alifoka. "Jengo linafungwa mpaka kesho asubuhi, hewa iishe. Labda mke wake aseme yumo."

Wote wakamgeukia Melania. Bujiku alikuwa ameshainua maski usoni, anangoja neno lake tu.

"Fungeni," Melania alisema. "Ninajua alipo."

Hakuaga mtu. Nyuma yake alisikia milango ya chuma ikibamizwa.

Kofi la kwanza lilimkuta Scolastika ameshika kata ya pombe. La pili lilimwangusha.

"Mtoe!"

"Nimtoe nani?" Scolastika alilia, amejishika shavu. "Makoye hajakanyaga hapa tangu Krismasi! Aliniambia amechoka kukuumiza, Mama Lusia. Ingia, tafuta!"

Melania aliingia. Alipindua kitanda, akavuta pazia, akachungulia hata nyuma ya mitungi. Hakumwona, na hilo likamzidishia hasira. Atakuwa amemtorosha, mshenzi huyu. Aliupiga teke mtungi mzima wa pombe, akaondoka huku walevi wakimpisha njia.

Alifika nyumbani saa kumi na moja, na alikuwa ameshaamua. Makoye hatalala tena kwenye nyumba ile. Alizitupa uani suruali zake za kanisani, viatu, koti la mvua, hata redio yake. "Akaoshwe na huyo huyo!" alipiga kelele, na majirani wakachungulia, wakarudi ndani.

Likabaki furushi la kanga pembeni ya mlango, lenye ovaroli chafu ya mchana. Alikuwa amelitua pale alipotoka mgodini, hata kulifungua hajalifungua. Alilinyanyua kwa mikono miwili, akalibamiza ukutani kwa nguvu zake zote.

Ndani ya nguo kitu kigumu kikalia, ko!

Melania alisimama. Kisha akapiga magoti, akafungua fundo la kanga, akaingiza mkono kwenye mfuko wa kifua, na akatoa kengele ya Makoye.