Mate kwenye Mdomo wa Ndama

Siku hizi ndama hapewi jina mpaka mate yake yasomwe. Ukoo wake usipoonekana kwenye Hazina ya Ng'ombe kule mtandaoni, anachomwa sindano ya kufa, na mama yake vilevile.

Nimetembea kwingi, lakini ya nyumbani kwa bibi Nolari hayanitoki. Alikuwa na ng'ombe mmoja tu, ambaye maziwa yake ndiyo yangemlea mjukuu aliyefiwa na mama. Ng'ombe alipozaa, mume wa Nolari, Mzee Saibulu, alimtemea ndama mate mdomoni kumbariki, kama tulivyobarikiwa sote. Ndipo daktari wa mifugo akaja na kijiti chake cha pamba.

"Hazina haimjui," akasema. "Nusu ng'ombe, nusu sijui nini."

"Hiyo nusu ni mimi, mwanangu!" Saibulu akacheka. "Mfute mdomo, upime tena."

"Hairuhusu mara ya pili, mzee."

Alichoma sindano mbili. Nolari akabaki na kibuyu kitupu, mtoto analia.

Daktari hakuondoka. Alikuwa bado anasoma majibu ya yale mate kwenye simu.

"Mzee," akasema taratibu, "hata Hazina ya Watu haikujui. Wewe wala ukoo wako."

Nolari akamvutia mjukuu chini ya shuka lake.