Kishingo na Mayai ya Mweupe

Kishingo, kuku asiye na manyoya shingoni, aliumwa na wivu. Yeye akitaga kidogo anaacha, ila Mweupe, kuku wa kisasa, anataga kila siku.

"Idi hii wewe ndo mchuzi, dada!" Mweupe akamchamba.

Kishingo akanuna. Akaiba mayai ya Mweupe, akayalalia kama yake. Vifaranga wakatoka, wote wana manyoya shingoni! Jogoo akacheka mpaka akapaliwa.

"Mwizi! Wanangu hao!" Mweupe akafoka. "Njooni kwa mama!"

Vifaranga wakajificha chini ya bawa la Kishingo.

"Mwenye vifaranga hachinjwi, shosti," Kishingo akasema. "Idi hii sijui zamu ya nani."

Mweupe, wivu umemjaa, akakimbilia kulalia yai lake. Akakaa kidogo tu, akaboeka, akashuka kuchakura.