Ulimi wa Bi Mwanamvua

Miaka mingi baada ya watu kuacha kula nyama, mtaa mzima haukuwa na mtu aliyewahi kuonja nyama ya mnyama isipokuwa Bi Mwanamvua. Ndivyo watu walivyoamini. Kila aliyekaanga baga ya uyoga na kunde alimpelekea aseme kama imefikia ladha ya nyama. Leo ilikuwa zamu ya mjukuu wake, Salha.

"Bibi, ndiyo yenyewe?"

Bi Mwanamvua akafumba macho, akanusa kwanza, kama kawaida yake. Utotoni, kwao nyama haikupikwa. Ya jirani ndiyo iliyonukia toka ng'ambo ya ua, naye akitowelea ugali wake kwa harufu hiyo. Amwambie nani sasa?

"Ndiyo yenyewe, mjukuu wangu," akasema, akiinamisha uso.

Salha akarukaruka. Kisha akachukua baga yake, akafumba macho, akanusa kwanza, akiamini ndivyo nyama ilivyokuwa ikiliwa.