Dawa Iliyochelewa

Baba Faidha alishika tawi la mkorosho wa kwanza, akalivuta hadi usoni. Maua yalikuwa yamekauka, yamefunikwa na unga mweupe wa ugonjwa wa ubwiriunga. Alipoyagusa tu, yakapukutika kiganjani.

Akaenda wa pili, wa tano, wa kumi. Ilikuwa hivyo hivyo yote. Mgongoni alibeba bomba lililojaa dawa ambayo sasa haikuwa na faida.

Wenzake wote pale kijijini Makote walikuwa wamepuliza dawa tangu mwezi uliopita. Yeye kila asubuhi alisema kesho. Alikuwa akiamka, anavaa buti moja, kisha anabaki ameketi kitandani akilitazama la pili mpaka jua linakuwa kali. Hakujua kwa nini.

Mkewe akamkuta huko shambani. Akayatazama maua. Baba Faidha alingoja agombezwe. Hilo angalau angelielewa.

"Watu wanasema mimi mvivu," alisema.

"Mvivu analala usingizi wake vizuri. Wewe hulali, huli, wala husemi na mtu. Unaumwa, Baba Faidha. Twende zahanati sasa hivi."

Alitaka kusema, "Haya, twende." Badala yake akakaa chini pale pale, bomba likiwa bado mgongoni, dawa ikimchuruzika kiunoni.

"Tangulia," alisema. "Nitakukuta."

Mkewe hakutangulia. Alikaa kando yake, juu ya majani makavu, akaanza kulia.