Wimbo wa Panya wa Saba

Panya wa maabara akiogopa, presha yake hupanda na kipimo huwa cha uongo. Ndiyo maana Mwanakombo huwaimbia kwanza, kwa sauti ya chini, wimbo ule ule aliomwimbia mama yake siku presha ilipompoozesha upande mmoja.

Leo ilikuwa zamu ya panya wa saba, aliyenyweshwa maji ya chumvi kwa wiki nane. Kizimba kilipofunguliwa, alikuja mwenyewe mkononi. Mwanakombo alimvisha mkanda mdogo wa kupimia presha mkiani, akaufungua, akaufunga upya.

"Anahangaika," alisema Daktari Sanga, macho kwenye mashine. "Mwimbie tena. Hiki ndicho kipimo cha mwisho, kisha tumpasue tuuone moyo wake."

"Anayehangaika si yeye, Daktari."

Hata hivyo aliimba. Panya akafumba macho, mkia ukalegea kiganjani. Namba zikatulia juu kabisa, pale pale zilipokuwa za mama.

"Haya, nimeandika," daktari alisema, akachukua sindano ya kumlaza. "Mlete."

Mwanakombo akavuta pumzi, akaurudia ubeti wa kwanza.