Nimetoka Kukamua

Huu hapa ni wasifu rasmi, kamili na usio na upendeleo wa mwandishi mkubwa kuliko wote waliowahi kulelewa katikati ya ng'ombe. Umeandaliwa kwa utafiti wa kina na mtu aliyenyang'anywa simu na kuamriwa asitoke chumbani mpaka Jumapili.

Mwandishi huyo ni Bibi. Alizaliwa ranchini, akajua kumtupia ndama kamba kabla hajajua kusoma. Alipopata kazi mjini, mdogo wake alibaki na baba na mifugo, na kila mwezi alimwandikia dada yake: nani kafa, nani kazaa, mfanyakazi gani kamtazama vipi pale kwenye josho la ng'ombe. Barua za siri, za dada kwa dada.

Bibi akazichapa kitabuni. Zote.

Kitabu kikasomwa mashuleni, na mdogo mtu akanyamaza. Kwa miaka thelathini na mmoja Bibi alimwandikia kumwomba msamaha, na kila bahasha ilirudi haijafunguliwa. Ana tuzo nne ukutani. Mgeni akizisifu, humjibu "Ndiyo" huku macho yake yako getini, anakopita mtu wa posta.

Sasa aingie mjukuu: kijana wa bweni, mpole, mwenye vipaji vingi, ambaye shuleni huitwa Muhuri kwa sababu zisizohusiana na wasifu huu. Basi, zinahusiana kidogo. Muhula uliopita Bibi alipata barua ya waziri, yenye muhuri safi kabisa, ikimwalika kwenda kuvishwa nishani. Alishona gauni. Mlinzi wa wizara alimrudisha getini na gauni lake. Ilipojulikana muhuri ule ulichongwa na nani, Bibi alicheka mpaka akatokwa machozi. Tuseme alicheka.

Likizo hii ikaja barua nyingine. Bibi aliisoma kwa sauti mezani, binti yake na mjukuu wakisikiliza.

"Dada, nimetoka kukamua, vidole vimechoka, ndiyo maana mwandiko umelegea. Nimekisoma kitabu chako tena. Uliniiba, lakini uliniiba vizuri. Daktari ananificha hali yangu, kwa hiyo nimeshajua mwisho u karibu. Njoo, na usije na kalamu."

Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha macho yakarudi juu, kwenye mstari wa kwanza.

"Kukamua?"

"Kuna nini, mama?" binti yake aliuliza.

"Kwa baba hakuna aliyewahi kukamua. Ng'ombe wetu walikuwa wa nyama. Ndama walinyonya maziwa yote, sisi chai tulitia ya kopo. Anayedhani kila ng'ombe hukamuliwa ni mtoto wa mjini." Akageuka taratibu. "Muhuri."

Mjukuu alikuwa na tonge mdomoni.

"Nilijua tu!" mama yake alifoka. "Juzi waziri, leo mama mdogo! Mtoto huna hata chembe ya utu?"

"Mwache kwanza." Bibi aliisogeza barua karibu na miwani. "'Uliniiba, lakini uliniiba vizuri.' Nimeandika miaka hamsini, sijapata sentensi kama hii. Ni wewe?"

Hakuna aliyewahi kumuuliza mjukuu kitu kwa sauti ile. Mwalimu wake wa insha humwandikia "Jitahidi", basi.

"Ni mimi, Bibi."

"Shetani mdogo we! Una kipaji."

Akavuta karatasi, akaandika jibu palepale, akalisoma kwa madaha: "Nimepata maigizo yako. Mdogo wangu ana haya, wewe huna. Ukitaka kufa, kufa kimya. Mimi huko sirudi." Juu ya bahasha akaandika anwani ya ranchi, neno kwa neno.

"Kaitie posta. Yule hafungui barua zangu. Hii itarudi kama wenzake, tuitundike ukutani."

Sanduku la posta liko ng'ambo ya barabara. Bibi alisimama dirishani aone kama Muhuri atathubutu. Mjukuu alikaa mbele ya tundu la sanduku muda mrefu kuliko inavyohitaji bahasha moja. Akatazama nyuma, akaona anapungiwa mkono. Akaitumbukiza.

Wiki tatu zilizofuata Bibi alimfundisha kuandika, kila asubuhi, wakiwa wawili tu. Alimwita "mwenzangu". Bahasha haikurudi.

Jana akabisha hodi mtu wa makamo, buti zake za mpira kazishika mkononi asichafue sakafu.

"Shikamoo, mama. Mimi ni daktari wa mifugo, natokea kule kwa mdogo wako. Pole sana. Tumemzika Jumanne."

Bibi alikaa.

"Nimekuja kuuliza nani atawachukua ng'ombe wake. Miaka ya karibuni, baada ya ukame, aliuza wale wa nyama wote, akanunua wawili wa maziwa. Amewakamua mwenyewe mpaka wiki ya mwisho."

"Wa maziwa," Bibi alisema.

"Ndiyo, mama. Na jibu lako lilifika. Aliifungua mwenyewe ile bahasha, alifurahi sana. Ila kufikia siku hiyo macho yalikuwa yamekwisha, nikamsomea mimi." Akaziinamia buti zake. "Akaniomba nirudie. Alidhani nimekosea kusoma."

Bibi hakulia. Alimgeukia mjukuu.

"Mwenzangu. Ile barua uliiandika lini?"

Mjukuu huyo ni mimi, na ninyi nawaambia nilichomwambia yeye: sikuwahi kuiona barua ile kabla haijasomwa mezani. Nilipenda tu alivyonitazama.